Tairi za Mama Mkwe

Jumatatu asubuhi Mwamvua alimpigia Maige simu, akamwambia bila kuzunguka kwamba mama mkwe wake hataki tena kwenda hospitali.

"Kasema nini hasa?" Maige aliuliza.

"Kasema anakushukuru kwa yote, inatosha. Alhamisi usije."

"Na mguu?"

"Mguu kasema ni wake."

Maige alikuwa amekaa ndani ya gari lake, stendi ya Masumbwe, akingoja abiria. Simu ilipokatika aliiweka kwenye dashibodi na kuendelea kutazama mbele, pale mwanamke mmoja alipokuwa akipanga nyanya mafungu manne manne. Mtu aligonga kioo, akauliza kama anakwenda Ushirombo. Maige akasema haendi, ingawa alikuwa anakwenda.

Mama mkwe wake, Suzana, alikuwa ameanguka kisimani mwaka uliopita akavunjika nyonga. Walimfunga chuma. Mfupa uliunga lakini kidonda kilikataa kufunga, na kila mwezi ilibidi apelekwe Shinyanga, kidonda kisafishwe mpaka ndani na daktari aukague mfupa. Daktari alimwambia Maige ukumbini, wamesimama, kwamba akiruka mwezi mmoja au miwili usaha utaingia kwenye mfupa na mguu utakatwa kuanzia juu kabisa. Akaongeza kwamba kwa umri ule, mtu akikatwa pale hakai sana. Maige alikuwa ameitikia kwa kichwa kama mtu anayeelekezwa njia.

Zamani safari hizo hazikuwa na taabu, kwa sababu Mektilda alikuwa hai. Mektilda alikuwa mke wa Maige, na mtoto pekee wa Suzana aliyebaki. Alikaa mbele, mama yake nyuma, na maneno yote yalipitia kwake. Kwao mkwe wa kiume na mama mkwe hawaketi pamoja, hawashikani mikono, hawatazamani usoni, na mmoja akiwa na haja na mwingine hutafuta mtu wa katikati. Mama akitaka maji, Mektilda alimwambia mumewe asimame. Maige akitaka kujua kama mguu unauma, Mektilda aliuliza. Hakuna aliyeona uzito wowote katika jambo hilo. Ndivyo watu walivyoishi.

Februari Mektilda alianguka jikoni, akafa kabla hawajafika zahanati. Sasa ilikuwa Agosti. Maige hakuwa amelia. Watu walidhani amejikaza, naye aliwaacha wadhani hivyo. Alikula ugali akajua ameshiba kwa kuona sahani imeisha. Aliendesha gari, alilala, aliamka. Baadhi ya ndugu zake walimwambia kwamba mke akishakufa, mama wa mke si mzigo wako tena, na yeye aliwauliza tu, "Nani atampeleka?" Mjadala ukaishia hapo.

Kwa miezi kadhaa Mwamvua, jirani yake Suzana, alikubali kusindikiza. Mwamvua alikuwa mjane wa Kinyamwezi aliyeolewa pale kijijini, anakaanga na kuuza samaki. Mwezi Julai aliuguliwa na mbuzi, asiweze kuondoka. Maige na Suzana wakasafiri wawili tu, zaidi ya saa tatu kwenda, zaidi ya saa tatu kurudi, bila neno. Suzana alikaa nyuma ya kiti cha dereva ili asionekane. Maige alikigeuza kioo cha katikati kikatazama dari. Walipofika Shinyanga, Suzana alishuka akasimama ameushika mlango kwa muda mrefu, na uso wake, ambao Maige aliuona kwa bahati mbaya kwenye kioo cha duka, ulikuwa wa majivu.

Sasa hataki kwenda. Maige alipiga hesabu yake, akaona ni gari. Gari linamuumiza, na yeye hawezi kusema kwa mkwe kwamba gari lako linaniumiza. Wala mkwe hawezi kumuuliza. Basi lililobaki ni kulirekebisha gari.

Jumanne alikwenda Kahama kwa Mama Rushabh.

Mama Rushabh, jina lake Bhumika, alikuwa na duka la tairi alilorithi mumewe kutoka kwa baba yake. Mumewe alishughulika na mambo ya benki na bandari, lakini aliyejua tairi alikuwa mwanamke huyu, aliyekaa kwenye dawati mlangoni katikati ya minara ya mpira, miwani kwenye paji la uso. Alimuuzia Maige tairi tangu enzi za Maige kubeba mawe ya dhahabu kutoka Mwakitolyo kupeleka kwenye vinu vya kusaga.

"Karibu, Maige. Pole tena na msiba."

"Nimeshapoa, Mama Rushabh. Nataka tairi laini."

"Laini kwa nani?"

"Kwa gari."

"Gari halina mgongo. Nani anakaa humo?"

"Mama mkwe."

Nasibu, fundi mwenye mvi aliyekuwa amechuchumaa akitoa tairi la lori kwa mtaimbo, alicheka. "Ukiona mtu anamnunulia mkwe tairi, ujue ng'ombe wa mahari walipungua."

Bhumika alimtupia jicho. Nasibu akakumbuka, akainamisha kichwa. "Samahani, kaka. Mdomo huu."

"Hakuna neno," Maige alisema, na kweli hakukuwa na neno. Alinyoosha kidole kwenye mnara wa tairi nyeusi zenye meno makubwa. "Nipe zile nene."

"Zile plai nane, tabaka nane. Za kubebea mizigo."

"Si ndiyo nzuri? Nene zaidi."

"Nene maana yake ngumu. Ukuta wake kama ubao. Ukipita juu ya jiwe, tairi halikubali kubonyea, basi jiwe linapanda mpaka kwenye kiti." Bhumika aliinuka, akatoa futi ya cherehani kwenye droo, akamwongoza nje kwenye kigari cha Maige, Vitz nyeupe. Alisimama akitazama magurudumu. "Hizi rimu ulitoa wapi?"

"Kwa mchimbaji mmoja. Duara lake, shimo la dhahabu, lilimpa, akauza gari bovu akabaki na rimu."

"Kumi na sita." Aliinama, akasoma maandishi ya ubavuni kwa kidole. "Mia tisini na tano, arobaini na tano, kumi na sita. Ya kwanza ni upana, milimita. Ya mwisho ni rimu, inchi. Hii ya katikati ndiyo ugomvi wako. Arobaini na tano maana yake ukuta wa tairi ni asilimia arobaini na tano ya upana. Shika hapa."

Maige alishika ncha ya futi. Kutoka ukingo wa rimu mpaka chini ilikuwa sentimita tisa kasoro kidogo.

"Hicho tu ndicho kinachokutenga na barabara," Bhumika alisema. "Gari hili lilitoka kwao na kumi na nne. Mia sitini na tano, sabini, kumi na nne. Ukuta wake kumi na moja na nusu. Kimo cha gurudumu zima karibu kile kile, ila chuma kimepungua na mpira umeongezeka."

"Vidole viwili tu?"

"Vidole viwili kila upande. Mgongo unavijua."

"Niwekee rimu kumi na tatu basi. Ukuta uzidi."

Nasibu alikwishafika, akachungulia nyuma ya rimu. "Kumi na tatu haipiti. Itakwama kwenye chuma cha breki."

"Basi kumi na nne yenye tairi kubwa zaidi. Mia themanini na tano."

"Itasugua bodi ukikata kona," Bhumika alisema. "Utamwekea mama ulaini na kelele pamoja. Maige, chukua iliyoandikwa. Waliolitengeneza hawakuwa wajinga."

Nasibu alichomeka kipimo cha upepo kwenye gurudumu la nyuma, akasoma, akasoma tena. "Arobaini na nne. Unabeba nini wewe?"

"Sibebi. Zamani nilibeba mawe."

"Mawe umeacha lini?"

"Miaka miwili."

"Na upepo?"

Maige alikuwa amejaza upepo hivyo kila wiki, kwa mazoea, kwa sababu wenzake wote wa Mwakitolyo walijaza hivyo, tairi liwe gumu lisizame chini ya viroba. Bhumika alifungua mlango wa dereva, akamwonyesha karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango. Maige alikuwa ameiona mara elfu, akidhani ni maneno ya Kijapani tu. Ilikuwa na tarakimu. Thelathini na mbili.

"Weka hiyo," Bhumika alisema. "Usizidishe. Wala usishushe ukidhani utaongeza ulaini, tairi litapata moto lipasuke na mgonjwa ndani."

Maige alizitazama zile rimu zikingoja kutolewa. Kisha akasema jambo ambalo hata yeye hakulipanga.

"Kabla hujazitoa, Nasibu, niendeshe. Mimi nikae nyuma."

"Nikuendeshe wapi?"

"Popote penye mashimo."

Nasibu alimtazama Bhumika, Bhumika akainua mabega. Maige aliingia mlango wa nyuma wa kulia, akakaa nyuma ya dereva. Miaka saba alikuwa na gari hili, hakuwahi kukaa pale. Magoti yalimgusa kiti cha mbele. Nasibu alichukua barabara ya vumbi inayopita nyuma ya maghala ya mpunga.

Mwanzo Maige alihisi mtetemo tu, kama wa mashine ya kusaga. Halafu kokoto zikaanza kumpiga moja moja kwenye mfupa wa makalio. Alikuwa mzima, hana chuma nyongani, na bado alijikuta anabana meno. Mbele palikuwa na mtaro ulioikata barabara. Nasibu alipunguza mwendo, lakini gurudumu la nyuma lilipoingia, kiti kilimtupa Maige juu, kichwa kikagusa dari, na mkono wake wa kushoto ukaruka wenyewe na kushika bega la Nasibu.

"Pole," Nasibu alisema.

Maige aliutoa mkono. Alibaki anautazama.

Mwezi Julai, karibu na daraja dogo kabla ya barabara ya lami, mkono ulikuwa umemshika begani hivyo hivyo. Sekunde moja, kisha ukatoka kama umeungua. Aliuhisi. Aliuhisi na kuuweka kando, kama alivyoweka kando kila kitu tangu Februari, asigeuke, asikohoe, asiufikirie hata siku moja. Lakini Suzana aliufikiria. Mama yule, aliyekuwa akijificha nyuma ya ghala akimsikia mkwe anapita, alikuwa amemshika mkwe wake bega, wako wawili tu, bila mtu wa katikati. Mwezi mzima alikuwa nao mkono ule kule nyumbani kwake.

Maumivu Suzana angeyavumilia. Maige alilielewa hilo sasa akiwa amekaa kwenye kile kiti. Alichokataa kukirudia ni aibu, na kwa ajili yake alikuwa tayari kuutoa mguu.

"Turudi," alisema. "Badilisha zote nne."

Nasibu alipokuwa akifanya kazi, Maige alichungulia ndani juu ya mlango wa nyuma wa kulia. Palikuwa na matundu mawili ya skrubu. Kishikio kilikuwa kimevunjwa zamani na viroba.

"Nataka na kishikio hapa."

"Tairi hizi hatahitaji."

"Weka."

Nasibu alikwenda gereji ya jirani akarudi na kishikio cha rangi ya kijivu, cha gari jingine, akakifunga. Zile rimu za kumi na sita Bhumika alizichukua, akatoa za chuma nyeusi za kumi na nne. Mektilda alikuwa akizisugua zile rimu kila Jumamosi kwa mswaki wa zamani, akilalamika zinang'aa kuliko nyumba yao. Maige aliziangalia zikiviringishwa kuingizwa stoo, moja, mbili, tatu, nne. Alingoja aone kama kitu kitamshika. Hakikumshika.

"Sasa linaonekana kama gari la mwalimu mkuu," Nasibu alisema.

"Niendeshe tena."

Kwenye mtaro gari lilizama, likainuka, likatulia. Mkono wa Maige ulibaki juu ya goti. Alimwomba Nasibu arudie, akarudia mara tatu, na mara ya tatu Nasibu alisema kwamba mtaro wenyewe sasa utachoka.

Alhamisi asubuhi Maige aliifuata barabara ya changarawe, kilomita kumi na tisa kutoka lami, mpaka kijijini kwa Suzana. Hakusogelea nyumba. Alisimamisha gari kando ya uwanja wa kigango, akashuka, akasimama ameipa nyumba mgongo. Suzana alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, fimbo mkononi, ameutazamisha uso ukutani.

"Shikamoo, mama," Maige aliuambia uwanja.

"Marahaba," Suzana aliuambia ukuta.

Mwamvua alitoka kwake akifuta mafuta ya samaki kwenye kanga. "Mwangaluka, Maige. Si ulisikia usije?"

"Nilisikia. Mwambie nimebadilisha tairi."

Mwamvua alizikata hatua ishirini hadi mlangoni, akasema, akarudi. "Kasema hongera."

"Mwambie kiti sasa hakirushi."

Alikwenda, akarudi. "Kasema kiti hakijamkosea kitu. Kachoka tu safari. Maige, na mimi nimechoka. Samaki wangu wako motoni."

"Mwambie nimeweka na kishikio. Juu ya mlango, upande wake. Mtu akishika pale hana haja ya kushika kitu kingine."

Mwamvua alimtazama. "Kitu kingine kipi?"

"Mwambie hivyo hivyo."

Safari hii alikwenda polepole, na alipofika alisema kwa sauti ya chini. Maige hakugeuka. Alihesabu mbuzi waliokuwa uwanjani, wakawa kumi na mmoja, akawahesabu tena. Fimbo ilikwaruza udongo. Hatimaye akaisikia sauti ya Suzana.

"Mwamvua apande yeye kwanza. Mimi nitazame."

"Mimi tena?" Mwamvua alisema, lakini alikwishaanza kuifunga kanga vizuri. Akaingia, akakaa nyuma ya dereva, akakishika kishikio kama abiria wa ndege. Maige alizunguka uwanja, akapita juu ya mizizi ya mikaratusi, akapita kwenye matuta ya zamani ya viazi ambayo hakuna mwenye akili angeyapitia na gari dogo. Mwamvua alikuwa amefungua kioo, akitangaza.

"Mama Mektilda, humu mtu anatunga uzi kwenye sindano."

"Mwongo wewe."

"Haki ya Mungu. Sasa hivi tumepita tuta. Umeniona nikiruka?"

"Wewe mnene, huruki."

"Basi njoo wewe mwembamba uruke. Mimi mwenyewe nisingekuwa na samaki ningekwenda Shinyanga na kurudi, sina hata ninachokitafuta."

Gari lilipozunguka mara ya pili Suzana alikuwa bado amekaa. Lilipozunguka mara ya tatu alikuwa amesimama, kikapu begani, ameegemea fimbo. Maige alisimamisha gari, akaacha mlango wa nyuma wazi, akaenda akasimama upande wa pili wa banda la mihogo mpaka Mwamvua alipomwita, kisha akakimbilia samaki wake. Aliporudi, kioo cha katikati kilikuwa kimekwishageuzwa kutazama dari. Hakujua ni nani kati yao aliyekigeuza.

Kilomita kumi na tisa zile alizipita kwa mwendo wa baiskeli. Kwenye daraja dogo alikaribia kusimama kabisa, akaliachia gari lishuke lenyewe. Nyuma aliisikia plastiki ya kishikio ikilia kidogo, basi.

"Wewe kikapu," Suzana alikiambia kikapu kilichokuwa magotini mwake wakiwa wameingia lami, "huko mbele kuna mtu anaendesha kama anabeba mayai. Tutafika wamefunga."

Maige aliongeza mwendo. Walipita Kahama, akaliona duka la Mama Rushabh likiwa bado halijafunguliwa. Walipita mashamba yaliyovunwa, makavu, na ng'ombe wakitafuna mabua. Hakuwasha redio. Saa nzima ilipita, na yeye hakujua kama nyuma mtu amelala, anaumwa au anasali rozari.

"Mektilda alikuwa halali njia hii," Suzana alisema.

Maige alilishika jina lile kwa mikono miwili, pamoja na usukani. Tangu Februari alikuwa akilisikia mara kwa mara, watu wakimwita Suzana Mama Mektilda kisimani, kanisani, hospitalini kwenye foleni. Peke yake, bila lile neno la mbele, hakuna aliyelitaja.

"Alikuwa anaongea," Suzana aliendelea kukiambia kikapu. "Tangu nyumbani. Mambo ya nani kaolewa, nani kaiba kuku. Mimi nilikuwa nasema huyu mtoto atakauka mate."

Ilipita lori, likapita lingine.

"Alikuwa anaongea mpaka Shinyanga," Maige aliiambia dashibodi.

"Mpaka Shinyanga."

Kabla ya Tinde kulikuwa na matuta ya barabarani, manne mfululizo. Alipunguza gia, akayapanda moja moja. Nyuma hakusikia mtu akivuta pumzi. Lilipobaki nyuma tuta la mwisho, Suzana alisogeza mguu wake mbovu, akauweka vizuri, akashusha pumzi kama mtu aliyekaa kwake.

"Mwezi ujao," alikiambia kikapu, "tuondoke mapema zaidi. Jua hili linachoma upande wangu."

"Saa kumi na mbili nitakuwa pale," Maige aliuambia usukani.